Nilimficha Mwalimu, Nikamfukuza Mwanafunzi

Admin, salamu kutoka Shinyanga. Ukiweka haya, toa jina langu na la shule niliyoongoza, maana huku tunafahamiana. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minne, mjane, mkuu wa shule mstaafu. Wanangu wote wana miji yao, nyumbani nimebaki peke yangu na redio.

Tangu nistaafu nina mazoea. Kila asubuhi nasikiliza taarifa ya habari, kisha naandika kwenye ukurasa wangu ninavyoiona: zahanati isiyo na dawa, bei ya pamba, watoto wanaokaa sakafuni darasani. Naandika kama ninayesahihisha insha. Wanaonifuata ni wengi, wananiita Mama Elimu. Sifichi, nilipenda kuitwa hivyo.

Juzi kati redioni walizungumzia wasichana waliojifungua kuruhusiwa kurudi shule. Siku hiyo niliandika kwa uchungu kweli. Nikasema utaratibu wa zamani wa kuwafukuza ulikuwa ukatili, na waliouweka wamjibu Mungu. Watu wakasambaza, pongezi zikamiminika. Katikati ya pongezi nikakuta maoni ya mwanamke mmoja: "Shikamoo mwalimu. Barua yangu ulisaini wewe."

Basi, hakuongeza neno. Jina lilikuwa la mumewe, lakini sura niliijua. Nikayafuta yale maoni, nikamfungia asiweze kuandika tena.

Nimwite Kabula, ingawa si jina lake. Alikuwa kidato cha tatu, yatima, analelewa na bibi yake. Alikuwa anawaelekeza wenzake hesabu ubaoni. Alipokutwa na mimba, bibi yake alikuja ofisini kwangu mara tatu, kwa miguu. Kiswahili kilimpiga chenga, akichanganya na Kisukuma. Mara ya mwisho alipiga magoti akasema, "Mayu," yaani mama, "huyu hana mama. Nakuachia wewe." Nikamwinua, nikamwambia, "Bibi, sheria hainiruhusu." Kweli, wakati ule ndivyo ilivyokuwa.

Lakini kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Kabla sijaandika ile barua ya kumfukuza, Kabula alinitajia mhusika. Alisema kwa sauti ndogo, "Ni mwalimu wetu wa hesabu." Nikainuka nikafunga dirisha. Nikamwambia, "Ukilitoa hilo nje utaiharibu shule nzima, na hakuna atakayekuamini." Yule mwalimu ndiye aliyekuwa anatubeba kwenye matokeo ya mitihani, niliogopa kumpoteza. Kwenye barua nikaandika kuwa mhusika hajulikani. Mwaka uliofuata akaomba uhamisho, nikampitishia na kumwandikia sifa nzuri. Hakuna sheria iliyonituma kufanya hivyo.

Baada ya kumfungia Kabula sikuweza kuandika chochote wiki nzima. Chakula kilinishinda. Mwishowe nikamfungulia, nikamwomba tuonane. Akanielekeza alipo, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Geita. Nikapanda basi mpaka Kahama, nikaunganisha jingine, nikamalizia na bodaboda.

Nilimkuta chini ya turubai na wanawake wenzake, wanaponda mawe kwa nyundo kabla hayajaenda kusagwa. Kope zote nyeupe kwa vumbi. Aliponiona akainuka, akajifuta mikono kwenye kitenge, akapiga goti kuniamkia. Hapo nikalia. Yeye hakulia. Alinigeuzia ndoo nikae.

Nikamuuliza, "Bibi hajambo?"

"Alifariki mwaka uleule, mwalimu. Mpaka anaugua alikuwa anauliza kama umeniita."

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, na kwamba naweza kumtafutia nafasi ya kusoma kwenye madarasa ya watu wazima. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilipoona umeandika habari zetu nilifurahi," akasema. "Nikajua leo mwalimu anasema. Nikasoma mpaka chini. Ukawasema wengine tu."

"Ulitaka niseme nini, mwanangu?"

"Yule bado anafundisha. Sasa hivi naye ni mkuu wa shule. Binti niliyemzaa wakati ule yuko darasa la saba, mwakani anaingia sekondari. Kila nikimfulia sare namfikiria yule."

Nikamuuliza kama binti anamjua baba yake. Akatikisa kichwa. Amemwambia kuwa baba yake alifukiwa na kifusi machimboni. Nikamwambia nikilisema hili, mtoto naye atalisikia. Akaokota nyundo yake, akaanza tena kuponda. Akasema, "Hilo la mwanangu niachie mimi. Ukienda kwenye vyombo vinavyohusika nitakuja. Ila utangulie kuingia wewe."

Nimerudi nyumbani. Nilimpigia mwanangu mkubwa nikamweleza yote. Akasema, "Mama, umri huu unatafuta aibu ya nini? Muombe Mungu msamaha, yaishe." Nimeomba, na nimeshindwa kuinuka kwenye magoti. Namwona yule bibi, nasikia "nakuachia wewe".

Naogopa. Naogopa polisi wataniuliza kwa nini nilinyamaza miaka yote, naogopa majirani, naogopa kumwona yule mtoto akijua alivyopatikana. Na ninapoogopa hivi, yule mtu asubuhi anasimama mbele ya mabinti wa watu mstarini, kwa sifa nilizomwandikia mimi.

Ninyi mnaolea mabinti, na ninyi walimu mlio kazini, nipeni mawazo. Nianzie wapi? Na nikishaingia katika ofisi mtakayonielekeza, huku Kabula akiwa nyuma yangu, nianze kwa neno gani?