Mpira wa Rejeta na Wembe wa Mkunga

Juzi tukienda harusini, gari letu lilikwama Njinjo, mpira wa rejeta umepasuka. Fundi wa hapo alikuwa na kipande kimoja tu cha mpira wa silikoni, na ncha yake alishaitafuna kwa msumeno. Akikosea tena hakitatosha, nasi harusi tutaisikia kwenye simu.

“Lete hapa,” akasema shoga yangu, mkunga wa zamani wa Njinjo. Akakifunga uzi uwe mstari, akalowesha wembe mpya kwa maji ya sabuni, akauzungusha taratibu. Ncha ikatoka laini.

Hapo ndipo fundi akakumbuka kusalimia. “Shikamoo, bibi. Umejifunzia wapi?”

“Marahaba. Kwenye kitovu chako.”

Wanaume husema wamejitengeneza wenyewe. Huyu tulimwacha amefungua vifungo vya ovaroli, anakagua kazi ya watu.