Karanga Kabla ya Kwaya

Juzi muuguzi wa zahanati yetu hapa Lushoto alinipima presha, akaniambia kila siku nile kiganja kimoja cha karanga zisizo na chumvi, moyo utanishukuru. Nilicheka mpaka wagonjwa kwenye benchi wakageuka. Rafiki yangu, mimi karanga zilinifukuzisha kwaya.

Bibi yangu alizaliwa Mnazi, kule chini kwenye joto, akaolewa huku juu kwenye ukungu. Mlima aliukubali wote, isipokuwa asubuhi isiyo na karanga. Baada ya mavuno alishuka na mapeasi na viazi kichwani, akapanda na gunia la karanga alilobadilishana na ndugu zake. Gunia lile, kwa macho yangu ya utoto, lilikuwa kubwa kuliko kanisa. Alfajiri alizikaanga kwenye kigae, na harufu yake ingeweza kumwamsha maiti wa kijiji cha pili. Hakuna aliyepewa uji kabla hajatafuna kiganja chake mbele ya bibi. "Tafuna, usimeze kama bata," alisema. "Hizi ndizo zitakazokupandisha kilima."

Na zilinipandisha. Shule ilikuwa mawinguni, nami nilifika na pumzi za kumgawia mwalimu.

Tatizo likawa mwalimu wa kwaya ya watoto. Aliamini, kama wengi pale usharikani, kwamba karanga zinakwaruza koo. Ilipokaribia safari ya kwenda kuimba Mombo, mahali nilipopatamani kuliko mbinguni, alianza kutunusa midomo mlangoni. Aliponifikia alirudi nyuma. "Wewe umekula karanga. Chagua, karanga au Mombo."

Nililia njia nzima. Bibi akajifunga khanga yake, tukarudi pamoja.

"Shikamoo, bibi," mwalimu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unataka mtoto aimbe tumbo tupu."

"Si tumbo tupu, bibi. Ale viazi. Karanga aache mpaka turudi."

"Kwangu hatoki mtu bila karanga. Hata ungekuwa askofu."

"Basi Mombo haendi."

"Basi haendi. Ataimba shambani, kabichi zisikie."

Wenzangu walishuka bila mimi. Niliimba kwenye matuta ya kabichi kwa hasira, na nakuapia, Mombo walinisikia. Miaka mingi baadaye, nikisoma baiolojia masomo ya jioni na ndevu zangu kidevuni, nilikutana na protini na mafuta mazuri ya moyo. Bibi aliviita nguvu, basi.

Bibi hayupo. Njia ya Mnazi haina tena mtu mwenye mapeasi kichwani. Asubuhi watoto wanapewa biskuti na chai ya rangi, na hakuna mtu mzima anayesimama kuangalia wanatafuna nini, sembuse wa kugombana na mwalimu kwa ajili ya matumbo yao.

Mimi sasa naimba besi kwaya ya wakubwa, na kiongozi wetu mpya ametangaza marufuku ileile. Jumamosi nitakwenda mazoezini na wanangu, midomo yetu yote inanuka karanga. Atakayetaka kutufukuza, atufukuze.