Ukuta Niliouchora Bila Waya

Mume wangu alikuwa fundi umeme. Mimi nilikuwa nachapa barua na kutoa kopi kwenye kibanda cha stationari karibu na forodha, Tunduma. Siku ya kwanza alikuja kuchapiwa barua ya kuomba kazi. Akarudi kesho yake kuirekebisha, akarudi na keshokutwa, na barua yenyewe haikuwa na kosa hata moja. Mwaka uliofuata tulifunga ndoa. Yeye kwao Ruanda, Mbozi, mimi kwetu Isongole, kila mmoja na kilugha chake, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili, na kila mmoja alimcheka mwenzake matamshi yake. Tukapata binti.

Miaka ile mji ulikuwa unapanda juu kila ukiamka. Maghala, nyumba za wageni, fremu za maduka. Wafanyabiashara waliokuwa wakienda Lusaka na Dar es Salaam walirudi wakitaka kamera za ulinzi kama walizoziona huko. Mmoja wao alikuwa mzee aliyehamia kutoka Kondoa zamani, tukimwita Alhaji kama mji mzima ulivyomwita. Alikuwa na nyumba ya wageni ya vyumba ishirini na viwili. Akamwambia mume wangu:

"Fundi, sitaki mtu wa kunyoosha kidole ukutani. Niletee mchoro. Nione kila kamera inatazama wapi kabla hujanitobolea nyumba."

Mume wangu alichora kwa kalamu, tena vibaya. Alirudi nyumbani akiwa na wasiwasi, nikamwambia kompyuta ninayo, tutafute programu.

Tulizijaribu Jumapili, baada ya ibada, kibanda kikiwa kimefungwa kwa wateja. Ya kwanza tuliinunua kwenye CD ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde, kwa kijana aliyeniita "mayo", yaani mama, kwa heshima zote na kuniapia kwamba wahandisi wote wanaitumia. Ilikuwa nzito, kompyuta ikaganda nayo asubuhi nzima. Ya pili tuliipakua kwenye mtandao, ya majaribio. Kila ukichapa, inapiga muhuri wake katikati ya karatasi. Ya tatu ilikuwa nyepesi. Unachora kuta, unapachika taa, soketi, kamera, na vyote vinakaa mahali pamoja. Mume wangu aliipenda hiyo papo hapo.

Ya nne niliipenda mimi. Ilikuwa na matabaka, kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine: kuta kwenye tabaka lake, umeme kwenye lake, kamera kwenye lake. Pembeni ya kila tabaka kulikuwa na alama ya jicho. Ukiibofya, tabaka linajificha. Ukibofya tena, linarudi.

"Hii inaficha vitu," alisema.

"Haifichi yenyewe. Unaficha wewe ukitaka."

"Sasa kwa nini nitake?"

"Mchoro usomeke. Angalia hiyo yako, mistari imejaa kama nywele ambazo hazijachanwa."

Alicheka. "Mama, mimi naisoma nikiwa juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika ukuta. Nataka karatasi moja, kila kitu kiwepo."

"Wewe shika bisibisi," nikamwambia. "Kompyuta niachie mimi."

Nilisema kwa utani, lakini nilimaanisha. Miaka yote nilikuwa mke wa fundi, na pale kwa mara ya kwanza nilikuwa najua kitu ambacho yeye hakijui. Angeweza kubishana. Hakubishana. "Haya," alisema, "mwenye kompyuta ameamua."

Wiki iliyofuata tulipima nyumba ya Alhaji, yeye kashika mwanzo wa futi kamba, mimi mwisho wake. Aliyefunga umeme pale awali alikuwa ameshahamia Zambia, hakuacha hata karatasi, kwa hiyo tulizifuata waya zake chumba kwa chumba. Mume wangu anagonga ukuta, anafungua soketi, ananitajia, mimi naandika. Jioni naingiza kwenye mchoro. Mistari ya umeme niliipa rangi nyekundu. Sijawahi kuwa na furaha ya kazi kama ile. Alhaji alitukuta ukumbini tukicheka, akauliza kama tumekuja kupima nyumba au kufunga harusi.

Mchoro ulipokamilika, nilificha tabaka la umeme ili nakala ya Alhaji iwe safi, kamera zionekane na pembe zake. Nikachapa. Ikapendeza. Nilikuwa nimepanga kurudisha tabaka na kuchapa nakala ya mume wangu, lakini waliingia madereva wawili na makaratasi yao ya forodha, wana haraka, na mimi nikabofya kuchapa mara ya pili bila kuangalia. Mume wangu alipopita kuchukua karatasi yake nilimpa ile. Aliikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Asubuhi aliyokwenda kufunga kamera, umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Drili haifanyi kazi, akaamua kutumia nyundo na tindo. Aliweka ngazi mwisho wa korido ya juu, mahali pa kamera ya saba. Karatasi ilimwonyesha ukuta mtupu. Tindo lilikuwa ndani ya ukuta, mkono wake ukilishika, umeme uliporudi.

Mlinzi wa Alhaji ndiye aliyekuja kibandani. Alisimama mlangoni, akavua kofia, na kabla hajasema kitu nilikuwa nimeshajua. Nilikuta wamemlaza ukumbini, wamemfunika shuka la wageni. Alhaji alikuwa amekaa chini sakafuni karibu naye, mzee mzima, analia.

Tulimzika kwao Ruanda. Watu walisema ni bahati mbaya, umeme hauna rafiki. Mimi niliitikia. Ule mchoro haukunijia kichwani hata mara moja.

Ulinijia wiki kadhaa baadaye, Alhaji alipoomba nakala nyingine ili fundi mwingine amalizie. Nilifungua faili. Jicho la tabaka la umeme lilikuwa limefumbwa, vilevile nilivyoliacha. Nikalibofya. Mstari mwekundu ukatokea, ukapita katikati ya ukuta ule wa korido, mahali palepale. Tulikuwa tumeupima pamoja. Tulikuwa tumeuona. Nyumba ya vyumba ishirini na viwili, nani angekumbuka kila waya kichwani? Ndiyo maana tulichora.

Nilimwambia Alhaji. Akasema, "Mimi ndiye niliyependa karatasi safi, mwanangu. Mzigo huu tuubebe wote wawili." Nilimshukuru, lakini haukupungua uzito.

Aliyebaki ni mama mkwe. Nilipanda kwenda Ruanda na karatasi mbili, yenye mstari mwekundu na isiyo nao. Nilimkuta anaanika kahawa. Nilimweleza kila kitu, mpaka ile ya bisibisi na kompyuta. Hakuwa anajua kusoma, achilia mbali ramani ya nyumba. Alizishika zote mbili, akazitazama, akauliza:

"Alikuwa amesimama wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akaweka kidole chake pale, akakiacha hapo kwa muda.

"Rudi nyumbani, mwanangu," alisema hatimaye. "Sikufukuzi. Rudi tu."

Hakuja Tunduma mwaka mzima. Nilipotuma salamu zilirudi salamu, hakuna zaidi. Binti yangu alipouliza kwa nini hatuendi kwa bibi wakati wa likizo, nilisema barabara mbaya.

Kisha siku moja akashuka kwenye gari na debe la viazi na kuku aliyefungwa miguu. "Nimekuja kumwona mjukuu," alisema. Alikaa siku tano. Alinisaidia kufua, akamsuka mtoto, akaniambia nimekonda. Kila siku nilingoja aseme neno kuhusu mwanawe na mimi, niombe msamaha upya au nifukuzwe, lolote. Hakusema. Aliendelea kuja hivyo kila mwaka, na viazi, na kuku, mpaka miguu ilipomkataa.

Alipokuwa anaugua mara ya mwisho nilikwenda kumuuguza. Nilimwogesha, nikamlisha uji kwa kijiko. Mara moja nilikusanya ujasiri nikaanza, "Mama, kuhusu ule mchoro…" Alinigusa midomo kwa vidole vyake, kama unavyomnyamazisha mtoto, akageukia ukutani akalala.

Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alichoka tu.