Nilidhani mtaalamu wa afya ya akili ni mpelelezi, sahani ya paka ikatuumbua

Wakuu, poleni na majukumu. Hii ni kweli tupu, anayebisha aje Kiongoroni nimuonyeshe sinia lenyewe.

Mimi naendesha boti huku delta. Shule niliishia form two, mkiona makosa vumilieni, mwalimu alivumilia zaidi.

Juzi kati nikampakia dada mmoja wa Dar. Anasema anashughulika na sera za afya ya akili, anataka kujua wagonjwa wa huku wanaishije, ili wakubwa wapange dawa zifike mpaka zahanati za deltani.

Nikamtilia shaka hapo hapo.

Kwanza haandiki kitu. Mtu wa ofisi haandiki? Pili, kila nyumba anauliza watu wanalalaje, wanaogopa nini. Sisi mgeni wa maswali tunamuogopa kuliko mamba.

Basi nikawa namtangulia mlangoni, nakonyeza. Wote wakajibu, "Huku wazima, alhamdulillahi."

Na mimi nina langu wakuu. Kaka yangu Shabani anasikia sauti, tunamfungia chumba cha uani. Tumempigia ngoma za kupunga mashetani mpaka wapigaji wakachoka wao. Nikawaza, huyu dada akimuona, atampeleka tusikokujua.

Mchana mama akamlazimisha ale kwetu. Mgeni haondoki na njaa, hata awe jasusi. Likaja sinia la wali wa nazi na kamba. Pembeni mama akafunika sahani moja kwa kawa, kama kawaida yake.

Dada akauliza, "Mama, na hiyo ya nani?"

"Ya paka, mwanangu."

"Paka ndo ale kamba wote hao?"

Sauti ikatoka uani: "Paka mwenyewe mimi! Leo nataka kula na wenzangu!"

Nilitamani lile kawa nijifunike mimi.

Dada hakucheka. Akasogea tu, akaacha nafasi kwenye sinia. Mama akaitazama ile nafasi weee, halafu akanipa ufunguo.

Shabani akaja, akanawa, akala. Akaulizwa analalaje. "Silali, dada. Wananisema." Siku nzima ndo jibu la kwanza la kweli.

Sasa nampeleka hospitali ng'ambo kwa boti, sauti zimepungua. Dawa za zahanati yetu bado hazijafika, na yule dada bado namshuku kidogo. Nampigia kila mara, "Dada, zimefika wapi?"

Nilichojifunza: nilimlinda kaka dhidi ya mgeni, kumbe ufunguo tunao sisi.

Haya, semeni na nyie. Kwenu sahani ya pembeni ni ya nani? Ila msiniambie paka.