Jina la Baba Yake Geeske

Zamani mgeni akitaka kujua nani aliendesha kinu cha upepo cha kijiji chetu cha Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, aligonga mlango wowote akatajiwa mtu na ukoo wake. Siku hizi anaiuliza simu, nayo humjibu kile tu ilichoruhusiwa kujibu.

Jelmer Wiarda alikuwa fundi wa mabasi, na mikono yake ilinuka grisi hata Jumapili kanisani. Alipostaafu alinijia na kompyuta kuukuu kwapani.

"Sytse, mzee mwenzangu, mke umeshamzika, madirisha umeshayapaka rangi. Sasa utafanya nini, uhesabu bata mferejini?"

Mimi nilikuwa wa kiwanda cha maziwa. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na minne, mengine nimejisomea. Tukaanzisha wiki, tovuti inayoandikwa na wasomaji wenyewe, ya vinu vya mkoa wetu, kila kinu na ukurasa wake. Nilizunguka kwa baiskeli kuuliza majina ya waendesha vinu waliokufa. Yeye alishughulika na mitambo ya kurasa.

Ni yeye aliyenifundisha, mezani kwangu, kwa vyombo vya kahawa.

"Kikombe ni ukurasa. Unaandika humo jina la kinu, mwaka, mwendeshaji. Sahani ni kigezo, kinapokea ulichoandika. Kijiko ni moduli, ndiyo inayochora lile sanduku la maelezo pembeni mwa ukurasa. Sasa sikiliza, kichwa kigumu wee: moduli haipati kitu mpaka kigezo kiipe. Usipoupitisha mwaka, mwaka haupo."

"Hata kama nimeuandika ukurasani?"

"Hata uuandike kwa rangi nyekundu!"

Basi nikakiandika kigezo kwa mkono wangu, mstari kwa mstari, kila kitu nikikipitisha kwa jina lake. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mwendeshaji. Kwa miaka tisa majina zaidi ya mia yalisomeka kwenye kurasa zetu.

Mwezi wa Aprili Geeske, binti wa mwendesha kinu wetu wa mwisho, aliniita kwake. Ana miaka tisini na mmoja. Baba yake alipokufa mabawa ya kinu yalisimamishwa kwa mkao wa msiba, kama ilivyo desturi, na kaburi lake nalo likaja kuondolewa muda wake wa kukodiwa ulipokwisha, kama ilivyo desturi pia. Jiwe halipo tena. Geeske alitaka vitukuu wake walione jina la baba yake kwenye ukurasa wa kinu, Siku ya Vinu mwezi wa Mei.

"Hilo dogo, mama," nikamwambia.

Nikalitafuta ukurasani, halipo; nikaliandika upya. Halikuonekana. Nikafungua kurasa nyingine: waendeshaji wote wametoweka. Nikakitazama kigezo, mstari wangu ulikuwepo. Nikaandika neno "jaribio" palepale ninapopitishia jina, ili litokee kwenye kila kinu. Halikutokea popote. Nikampigia Jelmer.

"Angalia mabano, Sytse. Uzee huo! Bano moja likikosekana, basi."

Nikahesabu mabano wiki tatu. Alikuja hata kunitazama, akala mkate wangu wa sukari, akasema, "Labda umeacha nafasi tupu baada ya alama ya sawasawa." Lakini kitu kikipitishwa kwa jina lake, nafasi za pembeni hukatwa zenyewe. Alinifundisha mwenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka.

Nikaifungua moduli, kamusi ya Kiingereza pembeni. Haikuwa ikipokea tena kinachopitishwa na kigezo. Ilikiruka, ikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa unaokitumia kigezo, ikachukua yenyewe yaliyoandikwa huko, tena manne tu: jina la kinu, mwaka, urefu, saa za kufungua. Mistari yangu ilikuwa imeachwa imesimama, inampa asiyekuwepo. Historia ya mabadiliko ya moduli ilionyesha Novemba, Jelmer Wiarda, "usafi mdogo".

Nilimkuta jikoni anamenya viazi.

"Ulijua."

"Chama cha utalii waliomba sanduku fupi. Watalii hawasomi majina ya wafu, Sytse."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungepiga kelele."

"Ukaona heri nihesabu mabano?"

"Nilidhani utachoka."

Mkewe, Tjitske, akaweka kisu chini. "Mwambie na lile jingine, Jelmer."

Akakohoa. "Moduli nimeifunga. Mimi tu ndiye ninayeweza kuihariri."

"Basi rudisha jina moja. La baba yake Geeske. Bibi anasubiri."

"Nikimrudisha mmoja watarudi wote. Kaa, unywe kahawa."

Sikukaa. Nyumbani nililiandika jina lile kwenye maelezo ya chini ya ukurasa, nje ya sanduku, ambako hakuna moduli. Kufika asubuhi lilikuwa limefutwa, na ukurasa nao umefungwa.

Mara ya mwisho kumwona Jelmer ilikuwa Siku ya Vinu. Alisimama mlangoni pa kinu, shati limepigwa pasi, kando ya skrini kubwa ya chama cha utalii. Geeske alisukumwa na vitukuu wake mpaka mbele yake, akavaa miwani.

"Baba yuko wapi hapa, Jelmer?"

Jelmer aliinama, akauteremsha ukurasa polepole mpaka mwisho, akaupandisha tena, akakunja uso kama mtu anayetafuta. Nikaigeuza baiskeli yangu nikaondoka.