Mbegu Kichwani, Mpini Mkononi

Mwaka ule tulikula dengu za njano. Mtu wa Kibondo ukimwuliza mambo haya yalikuwa lini, hatakutajia tarakimu. Atakwambia mwaka wa dengu za njano, na kila aliye karibu ataitikia kwa kichwa. Wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamejaa upya, kambini wanagawiwa zile dengu zilizopasuliwa, wamezila mpaka wanaziota usingizini. Wakazileta sokoni kubadilishana na unga wetu wa muhogo na ndizi. Tukabadilishana. Unachemsha, unachemsha, kuni zinakwisha, dengu bado inakutazama. Wajukuu wangu waliziita changarawe. Walizila hivyohivyo, kwa sababu maharage yetu ya msimu uliotangulia yalikuwa yamenyauka, na kilichobaki ndani kilikuwa mbegu.

Na mbegu hailiwi. Kwangu mimi hailiwi. Nilikuwa nazo kwenye chungu, nimezichanganya na majivu, nimekiziba mdomo na kukiweka darini juu ya jiko, na kila mtu wa nyumba ile alijua atakachokipata akikigusa.

Binti yangu aliolewa upande wa Kasulu. Mumewe akafa, akamwachia watoto na shamba la bondeni, udongo mweusi unaonata kama asali. Shamba zuri halikosi wapenzi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akawa anapita mpakani kila asubuhi, anakohoa, anasimama. "Ardhi hailali bure, shemeji. Mvua hii ikipita shamba likiwa tupu, nitalilima mimi." Alisema kwa upole, huku akiwapa watoto miwa.

Binti alikuwa amekula mbegu yake. Simlaumu, watoto walikuwa wanalia. Akanipigia simu: "Mama, mvua imeshaanza. Mbegu sina."

Nikamwambia, "Wewe lima. Mimi nakuja."

Mwanangu wa kiume, ninayeishi naye Kitahana, aliposikia nataka kukatiza porini akashika kiuno. "Mama, siku hizi njia ile si ya watu. Wameporwa wengi. Panda basi, mabasi yanasindikizwa na askari wenye bunduki."

"Hao askari wataniacha wapi?"

"Barabarani."

"Na kutoka barabarani mpaka kwa dada yako kuna nini?"

Kuna pori. Tena basi linakufikisha pale jua linazama. Mimi nikaona afadhali pori la asubuhi ninalolijua kuliko pori la jioni nililoshushiwa kama gunia.

"Basi chukua panga."

"Nilifunge wapi? Panga lililofungwa ndani ya mzigo ni la mwizi, atalikuta akishafungua."

Nilichukua mpini wa jembe. Mpini mtupu, mrefu, mpya, wa mti mgumu. Jembe lenyewe lilikuwa kwa binti, kwenye mpini wa zamani. Mwanamke mwenye mpini wa jembe njiani hakuna anayemwuliza kwa nini anao.

Sikwenda peke yangu. Nilimchukua wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Sisi wawili tumetukanana kwa mapenzi tangu tuna meno yote. Yeye aliamua kumpelekea binti zawadi, na zawadi yenyewe, utacheka, ilikuwa kiroba cha dengu za njano.

"Wifi, unamchukia mwanangu?"

"Wewe beba chako."

Wifi yangu ana adabu kupita kiasi. Angemwamkia hata kisiki kama kisiki kimevaa kofia. Na hapo ndipo ilipokuwa hofu yangu, kuliko chui na kuliko nyoka. Kwetu Waha mwanamke akikutana na mwanaume mtu mzima njiani hapiti tu kama mbuzi. Anatua mzigo. Anatoka pembeni ya njia, anakunja magoti, anainamisha kichwa, anapiga makofi taratibu, mwakeye, mwakeye, habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, hata kama ng'ombe hana. Ni jambo zuri. Binti zangu wote nimewafundisha hivyo. Lakini kijijini ukiinamisha kichwa, watu wote wanakiona kichwa chako. Porini anakiona yule mmoja tu. Mzigo uko chini, magoti yamekunjwa, mikono inapiga makofi, macho yanatazama majani: mwizi akuombe nini tena?

Bibi aliyenilea alikuwa akikatiza mapori yale kwenda kuuza chumvi. Alinifundisha mambo machache, nami nilimwambia wifi tukiwa bado tunafunga ngata. Salimia kutoka mbali, kwa sauti kubwa. Tazama mikono, uso utakudanganya. Mimi nitatangulia, wewe nyuma, tusishikane kama maharusi, lakini tusipotezane. Na mzigo usitue mpaka kwa binti.

"Hata kwa mzee?"

"Hata kwa padri."

"Utatuletea laana, wifi."

"Laana nitaibeba mimi. Kichwa changu kinabeba vingi."

Tuliondoka umande haujakauka. Miombo ilikuwa imetoa majani yake mapya mekundu, chini uyoga umepasua udongo, wifi anaulilia kila hatua, "Jamani uyoga, tuchume kidogo." Nikamwambia uyoga hautuhusu. Mzigo wangu ulikaa kwenye ngata vizuri, mikono yote miwili iko huru kwa mpini. Yeye chake alikishikilia kwa mkono, kwa sababu tangu ujana hajui kufunga ngata, na hilo nalo nilimwambia.

Mvua ilikuwa imepiga usiku, njia imekuwa laini. Njia laini inasema. Tulipokaribia kijito nikaona nyayo za raba. Zimekuja na njia kama sisi, halafu zimekata pembeni kuingia kwenye nyasi. Hazikurudi. Mtu akienda haja hurudi njiani. Nikasimama nikavuta pumzi: harufu ya sigara.

"Wifi," nikasema bila kugeuka, "tuna wageni."

"Wageni gani?"

Akatokea mmoja. Mwanaume wa makamo, koti refu la mvua, jua lote lile. Alisimama pembeni kidogo mwa njia, chini ya mti wenye kivuli. Watu walikuwa wamezoea kusema wakimbizi ndio wanaopora. Yule hakuwa mkimbizi. Aliongea Kiha cha kwetu, safi, cha kunyonya kwa mama.

"Mwakeye, mama zangu."

"Mwakeye!" nikaitikia kwa sauti ya kuita ng'ombe. "Mkono mmoja nauona. Huo wa pili unaumwa?"

Akacheka. Mkono wa pili haukutoka nyuma. "Siku hizi mama zetu mnasalimia mmesimama kama askari? Njooni hapa kivulini. Tueni mizigo, tusalimiane kama watu."

Umeona alichofanya? Alitushika kwa adabu yetu. Nikasikia nyuma yangu puu. Kiroba cha dengu kimetua. Wifi yangu, mtoto wa watu, alikuwa ameshatoka njiani, magoti yamekunjwa, kichwa kimeinama, anapiga makofi, "Mwakeye, baba, mwakeye." Na nyuma ya kichuguu, upande wake, nikaona koti la pili linasogea.

Mwili wangu wote ulitaka kuinama pia. Nisikudanganye. Magoti yamezoea, yanajikunja yenyewe. Lakini nikaufikiria ule udongo mweusi, na mtu anayekohoa mpakani, na kwamba nilichobeba kichwani hakipo kingine nyumbani, chungu nimekiacha kitupu. Nikakaza magoti. Nikashika mpini kwa mikono miwili, nikauelekeza kifuani kwa yule wa kwanza. Sikupiga. Niliuweka tu katikati yetu, ili ajue mahali pa kukomea. Nikamwambia:

"Mzigo situi, njiani sitoki, mgongo sikupi."

"Mbona mkali hivyo, bibi? Nimekukosea nini?"

"Bado hujanikosea. Ndiyo maana tunazungumza. Wewe wa wapi?"

"Murungu."

"Murungu kwa nani? Baba yako anaitwaje?"

Akatupa macho kwenye kichuguu. Mtu wa kwetu anaweza kukosa chumvi, anaweza kukosa nguo, lakini hakosi jina la baba yake akiulizwa na mwanamke mzee. Nikauliza tena kwa sauti zaidi. Mama yako je? Umeoa kwa nani? Si ulitaka tusalimiane? Tusalimiane basi!

Yule wa kichuguu akachoka na salamu zangu. Akatoka, akaruka, akanyakua kiroba cha wifi. Wifi akataka kukishika.

"Kiache!" nikamwambia. "Simama, wifi! Kiache, simama, njoo nyuma yangu!"

Akasimama. Nikamsikia anahema kwenye shingo yangu. Tukaanza kuwapita, uso wangu kwao, mpini kwao, tunarudi kinyumenyume kuelekea kijitoni, mzigo kichwani, wifi ananielekeza kwa kunivuta kitenge. "Kushoto. Jiwe. Nyanyua mguu. Gogo hili." Yule wa kwanza akapiga hatua moja. Hapo nikapiga induru, ile ya kuitia watu kijiji kikiwaka moto, na wifi akapiga ya kwake, na yake, nikiri, ni kali kuliko yangu. Mbali huko, juu ya mlima, kitu kikaitikia. Mpaka leo sijui kama alikuwa mrina asali au ni mlima wenyewe uliorudisha sauti. Wale nao hawakujua. Wakaingia kwenye nyasi na dengu zao.

Tulivuka kijito juu ya gogo. Hatukukimbia, mwenye mzigo wa mbegu hakimbii, lakini tulitembea kama tunadaiwa. Mbele sana huko mkojo ulinizidi. Nilikojoa palepale katikati ya njia, nimesimama na mzigo wangu, maana pembeni nilikuwa nimeapa siendi. Wifi akanitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, akalia kabisa.

"Kitenge changu kilikuwa mle ndani ya kiroba," akasema.

"Kitenge tutanunua."

"Na dengu zangu."

"Dengu waache wapike. Wakianza leo, Krismasi watakula."

Akajifuta pua. Halafu, kwa sauti ndogo, akasema, "Wifi, angekuwa mzee wa heshima kweli, ungemfanyaje?"

"Ningemfanya vilevile. Mzee wa heshima angenionea huruma na mzigo wangu. Asingesema tua."

Jua lilikuwa limeshalala kidogo upande wa magharibi tulipoliona bonde. Binti yangu nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amelima shamba lote, lote, amejipinda na watoto wake, udongo umelala mweusi unangoja. Maharage yale yaliota. Nakwambia sasa, ili usiondoke na wasiwasi: yaliota, yakazaa, nikaletewa ya kula na kisamvu, na shamba mpaka leo linaitwa la binti yangu. Lakini siku ile yalikuwa bado kichwani mwangu, na kati yangu na shamba kulikuwa na mtu mmoja zaidi.

Shemeji mtu alikuwa amesimama pale njia inapogawanyika, moja inakwenda kwake, nyingine inashuka bondeni. Shati safi. Aliponiona alivua kofia, akainama yeye kwanza, kwa heshima kubwa, akapiga makofi kama mtoto aliyefundishwa vizuri.

"Mama mkwe! Karibu sana. Pole na safari. Tumesikia mlipatwa na mambo huko."

"Habari zina mbio kuliko sisi," nikasema.

"Basi usishuke bondeni na uchovu huo. Pita hapa kwangu, mke wangu ana togwa. Utue mzigo, mbegu ipumzike ndani kwangu, ipate na kivuli. Kesho wazee watakaa, tulizungumze hili shamba taratibu, kisha mtapanda. Haraka ya nini?"

Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Burundi, meusi. Akanyoosha mikono yote miwili kunipokea mzigo. Mikono hii niliiona yote, wala haikuwa na kitu. Wifi akaninong'oneza, "Huyu ni mkwe, wifi. Jamani, adabu." Na magoti yangu, yale yale, yakaanza tena kujikunja yenyewe.

Bondeni binti yangu alikuwa amenyanyua kichwa. Aliacha kusawazisha udongo. Alishika jembe tu, anatazama nitapita njia ipi.

Nikauweka mpini katikati yetu, taratibu, kama mtu anayeegemea fimbo.

"Mzigo situi, njiani sitoki, mgongo sikupi."