Msamaha wa Zahanati Haukuwa Wangu

Nakumbuka asubuhi moja pale Tumbe, mwanangu, nilipokuwa na furaha ya kugawia Pemba na Unguja na bado ikabaki. Nilikuwa kijana, cheti changu cha skuli ya usiku nimekitia fremu kubwa kuliko dirisha, na biashara yangu ya kompyuta nimeiandikisha kila panapoandikishwa, mpaka kwenye VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani. Zahanati moja ya hisani kule Msuka ilitaka programu ya kutunzia kumbukumbu za wagonjwa. Nikaikodi kwa intaneti kutoka kampuni ya ng'ambo, nikawauzia kwa bei tuliyoitilia saini: mwaka mzima, haiongezwi hata senti.

Pale kwenye mnada wa samaki nikamkuta Bi Riziki, mwalimu wangu wa hesabu, anachagua samaki. Nikamsimulia kwa sauti iliyosikika, naapa, mpaka Shumba.

"Na kodi, Hamad?" akauliza, macho kwenye fungu la samaki.

"Kodi ipi, Bi Mwalimu? Zahanati wana barua ya msamaha wa kodi. Na kitu chenyewe hakina gunia wala sanduku. Nani atakiona bandarini?"

Hakucheka. Akanionesha wavuvi wa dago, wale wageni wanaopiga kambi ufukweni, wakauza samaki, kisha wakenda zao. "Ushuru wa samaki wa wale hulipwa na nani?"

"Mnunuzi. Wao kesho hawapo, Bi."

"Haya. Na mnunuzi akiwapeleka samaki kwenye khitma, wakaliwa bure, hurejeshewa ushuru wake?"

"Harejeshewi, Bi," nikasema, kwa sauti isiyofika tena Shumba.

"Basi kampuni yako ndiyo dago," akasema. "Muuzaji yuko ng'ambo, serikali haimfikii. Kwa hivyo weye uliyenunua unajitoza kodi mwenyewe, kana kwamba umejiuzia. Ungemuuzia mwenye duka anayetozwa, ungeikata kwenye kodi uliyomtoza, ukatoka salama. Lakini zahanati huwatozi kitu. Utaikata kwenye nini? Msamaha ni wao. Weye umeuvaa kama kanzu ya kuazima, miguu yote i nje!"

Wachuuzi wa samaki wenye baiskeli wakaangua kicheko.

"Sasa n'fanyeje? Nikiwaongezea bei watairudisha programu, warudi kwenye madaftari yaliyoliwa na mchwa."

"Usiwaongezee. Na usiifiche. Aliyekosea hesabu ni nani?"

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Wiki nzima wali ulikuwa mchanga kinywani. Nilikuwa na Vespa nyekundu, mwanangu, ambayo ikipita Konde hata kuku walisimama kuitazama. Kodi ile ilikuwa inaitaka yote, pamoja na kioo chake. Na kila nikikumbuka kwamba hakuna aliyeniona nikinunua, shetani alinipa kiti nikae.

Sikukaa. Nikaiuza. Nilipopeleka fomu yangu ofisi ya kodi, karani aliniangalia kama aliyeona papa akipanda mnazi.

"Umeitwa?" akauliza.

"Sikuitwa, bwana. Nimejitoza."

Mwaka ule nikenda Msuka kwa baiskeli kuitengeneza programu yao, na njia ile, Mungu ni shahidi, ina vilima elfu kwenda na elfu mbili kurudi. Siku moja nikamkuta muuguzi anatafuta kwenye kompyuta kumbukumbu za mtoto aliyekuwa anatetemeka kwa homa. Akabonyeza mara mbili tu, akaona dawa iliyomdhuru mwaka uliopita, akampa nyingine. Hawakujua habari ya Vespa, nami sikuwaambia. Mkataba ulipokwisha, nikataja bei mpya yenye kodi ndani yake. Wakavutana nami kidogo, wakatia saini.

Nikampitia Bi Riziki, jasho limenilowesha mpaka soksi. Akanitazama, akaitazama baiskeli.

"Kanzu hiyo sasa yako," akasema, akanikaribisha chai.

Basi mwanangu, nikuusie nami. Kabla hujataja bei, fuatilia kodi mpaka uione inapokaa, kwani huenda ikakaa kwako. Mteja kusamehewa si weye kusamehewa. Na ukishakosea, usimtwishe mgonjwa mzigo wa hesabu yako, wala usijifiche kwa kuwa hakuna aliyekuona. Weye mwenyewe umejiona. Mungu akupe riziki unayoweza kuitaja mnadani kwa sauti ya kufika Shumba, akujaalie na mtu wa kukuuliza "na kodi?" kabla hujauza chombo chako. Amin.